Ndaye Mulamba: mabao tisa na ujira usiolipwa

Usiku wa tarehe 7 Februari mwaka 2024, mjini Abidjan, wachezaji wa taifa letu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kabla ya kupambana na Côte d'Ivoire katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, walisimama mbele ya umati wakati wa wimbo wa taifa, kila mmoja ameziba kinywa kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili ameviweka kwenye panja mfano wa bastola. Hapa Goma, mashariki ya nchi, ambapo juma lile lile mizinga ilikuwa ikiunguruma upande wa Sake na wakimbizi wakimiminika mjini na magodoro vichwani, maana ya ishara ile, kwamba tunauawa na dunia imenyamaza, ilikuwa dhahiri kwa mkubwa na mdogo. Walifungwa bao moja, lakini walikwisha sema lile ambalo wakubwa wengi wamelinyamazia.

Vijana wanaowashangilia wachezaji hao hawana budi kujua kwamba mwezi wa Machi 2024 ulitimiza miaka 50 tangu Chui wa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, walipolichukua kombe hilo mjini Cairo, na kwamba mtu aliyewapatia, Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Luluabourg, ambayo ndiyo Kananga ya leo, alikufa ughaibuni bila ya kuonja hata akali ya faida ya kazi yake. Taarikhi hii naiegemeza juu ya filamu ya Makela Pululu ya mwaka 2010 ihusuyo maisha ya Ndaye, na juu ya simulizi za mlinzi Mwepu Ilunga, aliyefariki mwaka 2015. Zote mbili ni ushahidi wa upande wa wachezaji, nami sioni haya kusimama upande huo.

Taifa lilikwisha twaa kombe mara moja, mwaka 1968 huko Addis Ababa, na AS Vita Club, timu ya Ndaye, ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika mwaka 1973. Lakini lililotendeka Misri halijapata kifani. Katika nusu fainali, wenyeji walitangulia kwa mabao mawili, na Ndaye akafunga mawili katika matatu yaliyowaangusha. Fainali na Zambia ikaishia mabao mawili kwa mawili, yote mawili ya Zaire yakiwa yake, baada ya Wazambia kusawazisha muda wa nyongeza unakatika. Ikabidi mechi irudiwe tarehe 14 Machi, na hapo akafunga tena mawili, na mchezo ukaisha. Jumla ni mabao tisa katika mashindano mamoja, hesabu ambayo Laurent Pokou hakuifikia kabla yake, wala Vincent Aboubakar mwaka 2022; kila mmoja wao alikomea manane.

Rais Mobutu, aliyependa fakhari kuliko hesabu, aliwakirimu wachezaji nyumba na magari. Watu wakaona neema imeshuka, lakini tufikiri: mfanyakazi anayepewa hidaya badala ya mshahara hana haki ya kudai chochote siku moyo wa mkarimu utakapogeuka. Na mlango wa Ulaya, ambako mguu kama wa Ndaye ungalipimwa kwa fedha taslimu, ulikuwa umefungwa, kwa sababu mtawala hakutaka mali ya taifa iuzwe nje.

Ndipo likaja Kombe la Dunia la 1974, Ujerumani ya Magharibi, nasi tulikuwa taifa la kwanza la Afrika ya kusini ya Sahara kufika huko. Scotland walitufunga mawili kwa bila, na hapakuwa na aibu. Lakini Mwepu amesimulia kwamba wachezaji, waliotarajia kurudi matajiri, wakapata habari kuwa fedha zao zimeliwa na wakubwa waliofuatana nao, wakakataa kucheza na Yugoslavia, na ilihitajika kubembelezwa sana ndipo wakubali. Basi tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, waliingia uwanjani watu kumi na mmoja wenye miili bila nia. Katika dakika ya 18 walikuwa wamekwisha fungwa matatu. Kocha Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia na golikipa hodari zama zake, akamtoa golikipa Kazadi, akamwingiza Tubilandu, mtu mfupi wa kimo, na kazi ya kwanza ya Tubilandu ikawa kuokota bao la nne wavuni. Kuna waliomtuhumu kocha kuwauza wachezaji kwa ndugu zake. Yeye akadai kuwa amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa ofisa wa wizara. Nionavyo mimi, hili la pili ndilo linalofanana na desturi ya nchi.

Katika zogo la kulipinga bao lile, mtu mmoja alimpiga teke mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, na mwamuzi alipogeuka kwa ghadhabu, akamtoa nje Ndaye. Mpigaji alikuwa Mwepu, na Mwepu mwenyewe alikiri. Ndaye alivaa namba 13, Mwepu namba 2. Huyu mshambuliaji, yule mlinzi. Lakini mwamuzi hakuona ila mtu mweusi aliyekuwa karibu. Ndaye aliapa kuwa si yeye, na haikumfaa kitu. Mfungaji bora wa Afrika, miezi mitatu tu baada ya Cairo, akatolewa katika dakika ya 22 kwa kosa la mwenziwe, na wenziwe waliobaki wakafikishwa mabao tisa; hesabu ile ile iliyompa sifa, safari hii ikaandikwa upande wa fedheha. Kwa mechi ya Brazil, asema Mwepu, walinzi wa Mobutu waliwaonya kuwa wakifungwa manne hawatarudi kwao. Walifungwa matatu.

Oktoba ya mwaka ule ule Mobutu alikuwa na karamu nyingine, ngumi za Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa, na mpira ukasahauliwa.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1994, Shirikisho la Mpira la Afrika lilimwita Ndaye mjini Tunis kumtukuza. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha, waliodhani karudi na mali, walimvamia, wakampiga risasi mguuni, na mwanawe akauawa. Emmanuel Paye-Paye, mkuu katika mambo ya michezo, alimhifadhi miezi akiugua, kisha Ndaye akakimbilia Afrika ya Kusini, na huko Cape Town mfungaji wa mabao tisa akawa mlinzi wa magari ya watu yaliyoegeshwa. Mwaka 1998, katika kombe la Burkina Faso, watazamaji walisimama kimya kumwombolezea, kwa uvumi kuwa amefia katika machimbo ya almasi ya Angola, hali yeye yu hai. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Wizara ya michezo na shirikisho letu la mpira zisingojee mazishi mengine. Wazee wa kikosi cha 1974 waliosalia watafutwe mmoja mmoja, na riziki yao iandikwe katika sheria. Na hawa wa Abidjan, waliolisemea jimbo letu, walipwe kwa mkataba, si kwa magari yanayogawiwa mbele ya kamera.