Virusi vya hepesi visivyojulikana na wengi, na jinsi ya kujikinga

WATU wengi wasikiapo neno hepesi, hufikiria vidonda vya midomoni au vya sehemu za siri. Wachache wanajua kwamba ukoo huo una virusi tisa vinavyomwandama binadamu, na kwamba baadhi yavyo, bila kutoa kidonda chochote, huweza kuleta saratani au kumnyima mtoto uwezo wa kusikia.

Virusi hivi vina tabia moja: vikishaingia mwilini havitoki tena. Hujificha ndani ya seli, mara nyingi bila mwenyewe kuhisi lolote, na kuamka kinga ya mwili inapodhoofika. Kwa hivyo, kuwa navyo si sawa na kuwa mgonjwa, na kinga bora ni kuvinyima nafasi ya kuamka.

Epstein-Barr na saratani ya Burkitt

Virusi vya Epstein-Barr huenezwa kwa mate, na watoto wengi barani Afrika huambukizwa wakiwa wachanga. Wengi wao hawadhuriki kamwe.

Hata hivyo, mwaka wa 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda, alieleza kuhusu uvimbe mbaya wa taya miongoni mwa watoto. Mnamo 1964, Anthony Epstein na wenzake jijini London walipata virusi hivyo katika seli za uvimbe uliotoka Uganda.

Nchini Kenya, saratani hii huonekana zaidi katika eneo la Ziwa Victoria na Pwani, ambako malaria imekita mizizi. Malaria ya mara kwa mara hulegeza ulinzi wa mwili dhidi ya virusi hivyo na kuzichochea seli za kinga kuongezeka ovyo, hadi baadhi yazo zikageuka kuwa za saratani.

Dalili zake ni taya kuvimba, meno kulegea, jicho kutokeza au tumbo kufura. Wazazi wengine hudhani ni jino bovu na kulitaka ling'olewe, ilhali uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto akifikishwa mapema katika hospitali inayotibu saratani, ana matumaini makubwa ya kupona kwa dawa.

Virusi nambari 8

Virusi hivi, vilivyogunduliwa mwaka wa 1994, ndivyo chanzo cha saratani ya Kaposi. Huleta madoa ya zambarau au meusi kwenye ngozi na kinywani, na wakati mwingine miguu kuvimba.

Anayekabiliwa na hatari kubwa zaidi ni mtu aliye na virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza matibabu. Kupimwa mapema na kumeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi bila kukosa hupunguza sana hatari hiyo.

Mja mzito na mtoto mchanga

Virusi vya sitomegalo hupatikana katika mate na mkojo, hasa wa watoto wadogo. Mja mzito akiambukizwa, huweza kumwambukiza mtoto tumboni. Watoto wengi wa aina hiyo huzaliwa salama, lakini wengine hupoteza uwezo wa kusikia au huchelewa kukua kiakili. Ili kuthibitisha kwamba mtoto aliambukizwa kabla ya kuzaliwa, mate au mkojo wake hupimwa katika wiki tatu za kwanza.

Navyo virusi nambari 6 huwapata watoto wa chini ya miaka miwili. Huleta homa kali kwa siku tatu hadi tano, kisha vipele homa inapoisha. Baadhi ya watoto hupatwa na degedege. Kwa kuwa malaria pia huanza kwa homa, mtoto huyo sharti apimwe, asikisiwe ugonjwa.

Kinga

Kufikia sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya virusi hivi vinne. Hatua zifuatazo ndizo zinazosaidia:

- Watoto walale ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa, na wapewe chanjo ya malaria katika maeneo inakotolewa. Kenya ilianza kuitoa mwaka wa 2019 katika eneo la magharibi.

- Mja mzito anawe mikono kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi au kupangusa kamasi, na asitumie kijiko kimoja na mtoto.

- Mazoea ya kumtafunia mtoto chakula au kupaka mate kwenye jeraha yaachwe.

- Uvimbe wa taya au doa la ngozi lisiloisha lionwe na daktari bila kuchelewa.