Micere Githae Mugo (1942–2023): Mshairi wa Utu Aliyeishi Ugenini

Micere Githae Mugo alikuwa mshairi, mwandishi wa tamthilia na profesa wa fasihi, Mkenya kwa kuzaliwa, aliyeishi na kufundisha nchini Marekani katika miongo mitatu ya mwisho ya maisha yake. Alifariki dunia tarehe 30 Juni 2023 mjini Syracuse, katika jimbo la New York, baada ya kupambana na saratani kwa miaka mingi. Anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuchapisha diwani ya mashairi kwa Kiingereza.

Alizaliwa mwaka 1942 huko Baricho, Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, na wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Jambo hilo si dogo. Katika miaka ile binti aliyefika mbali katika masomo alikuwa, mara nyingi, binti wa nyumba iliyokwisha kuamini kwamba kalamu haina jinsia. Micere akawa miongoni mwa wasichana wa kwanza Waafrika kupokelewa katika shule ya Limuru Girls, ambayo hapo awali ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kutoka hapo alikwenda Makerere, Uganda, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1966, kisha akavuka bahari hadi Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, alikopata shahada ya uzamivu. Mwaka 1973 alirudi nyumbani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mwaka 1976 ndio uliomtambulisha kwa watu. Katika mwaka huo ilitoka diwani yake ya kwanza, *Daughter of My People, Sing!*, na pia tamthilia aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, *The Trial of Dedan Kimathi*, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la *Mzalendo Kimathi*. Kabla ya kuandika, waandishi hao wawili walisafiri hadi Karunaini, kijiji alikotoka Kimathi, wakaketi na wanakijiji na kuwasikiliza. Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alikamatwa mwaka 1956 na kunyongwa mwezi Februari 1957. Lakini anayeisoma tamthilia hii kwa makini ataona kwamba mzigo mkubwa wa kazi umebebwa na mhusika asiye hata na jina, anayeitwa Mwanamke tu: ndiye anayepitisha silaha iliyofichwa ndani ya mkate, ndiye anayewafunda vijana. Sisi wa Upare hatupaswi kushangaa. Wazee wetu walisimulia habari za mbiru, ile kodi iliyopingwa katika miaka ya 1940, na jinsi kina mama nao walivyotoka majumbani kuandamana. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1980 Micere alichaguliwa kuwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo chuoni hapo. Hakukaa sana. Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa wasomi wa Kenya waliosema wazi; wengine waliwekwa kizuizini, na yeye mwenyewe alisumbuliwa na polisi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 aliondoka nchini akiwa na binti zake wawili wadogo. Alianzia Marekani, katika Chuo Kikuu cha St. Lawrence. Serikali ya wakati ule ilimvua uraia wake. Mwaka 1984 Zimbabwe, iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru, ilimpokea na kumpa uraia, naye akafundisha katika chuo kikuu cha Harare. Baadaye alirudi Marekani, na mwaka 1993 akajiunga na Chuo Kikuu cha Syracuse, akadumu hapo mpaka alipostaafu mwaka 2015.

Kuvuliwa uraia ni adhabu ambayo ni vigumu kuieleza kwa aliyezaliwa na kukulia kwao. Mtu hufungwa gerezani akijua kwamba ukuta una mwisho. Aliyevuliwa uraia hana hata ofisi ya kuuliza lini atarudi kumzika mzazi wake. Mama huyu hakuacha machungu hayo yamfunge kinywa. Diwani yake ya pili, *My Mother's Poem and Other Songs*, ilitoka mwaka 1994, nayo imejaa sauti za wanawake: wanaolima, wanaolea, wanaokataa.

Mashairi yake hayakuandikwa ili yasomwe kimya kimya. Alipoyasoma mbele ya watu aliwataka waitikie, kama vile mwimbaji anavyotangulia kwenye wimbo wa katikati na waamini wakajibu kwa kiitikio. Ndiyo sababu baadhi ya mashairi hayo, yakibaki kwenye karatasi, huonekana mepesi, na wahakiki wengine wameyadharau kwa hilo. Kwa maoni yangu wamekosea mahali pa kuyapimia. Shairi lake linalojulikana zaidi mashuleni, *Where Are Those Songs?*, linauliza zimekwenda wapi nyimbo ambazo kina mama waliziimba katika kila kazi ya maisha. Swali hilo linaweza kuulizwa Lembeni leo bila kubadili neno. Bibi aliyezijua nyimbo za Kipare za kulima na za kubembeleza watoto akifariki, ni nani aliyezirekodi?

Katika uchambuzi, mchango wake mkubwa ulikuwa kuitetea fasihi simulizi kama elimu kamili, na si mabaki ya zamani. Kitabu chake kidogo *African Orature and Human Rights* kilichapishwa mwaka 1991 na Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho kilichoko Roma, chuo ambacho asili yake ni kile cha Pius XII kilichoanzishwa na maaskofu Wakatoliki mwaka 1945. Humo anaonyesha kwamba methali, ngano na nyimbo za Waafrika zilikuwa na mafundisho kuhusu haki za binadamu muda mrefu kabla ya matamko ya kimataifa. Alipenda pia mfano wa kitunguu: mtu, jamii na ulimwengu ni matabaka yanayozungukana na kugusana, na hakuna tabaka linaloweza kukatwa bila mengine kuumia. Mpishi yeyote anajua pia kwamba hakimenywi bila machozi.

Neno alilolishikilia hadi mwisho alilichukua kutoka Kiswahili: utu. Kitabu chake cha mwaka 2021, *The Imperative of Utu/Ubuntu in Africana Scholarship*, kinawaambia wasomi kwamba elimu isiyomfanya msomi kuwa mtu kwa wengine imekosa kazi yake. Hakuyasema hayo akiwa darasani tu. Huko Syracuse alisaidia kuanzisha umoja wa watu wenye asili ya Afrika, na alipougua aliendelea kuandika na kuzungumza. Katika miaka ya ugonjwa alipatwa pia na msiba wa kufiwa na binti yake mmoja.

Mwaka huohuo wa 2021 Royal African Society ya London ilimpa tuzo ya heshima kwa mchango wa maisha yake yote katika fasihi ya Afrika. Alikuwa na miaka 80 alipofariki.