Ukali wa Siki: Historia ya Titresheni na Maswali Yake Mawili

Mwanafunzi yeyote aliyesoma kemia anaikumbuka bureti: tone baada ya tone, kisha ghafla myeyusho unageuka rangi ya waridi na haurudi tena. Mara nyingi hukabidhiwa chupa isiyo na jina na kuulizwa: asidi hii ni ipi? Ni rahisi kudhani kwamba zoezi hili lilibuniwa na walimu kwa ajili ya mitihani. Insha hii inaonyesha kwamba titresheni ilizaliwa katika biashara, na kwamba kwa karibu miaka 180 ilijibu swali moja tu kati ya mawili yaliyojificha ndani ya neno “ukali”.

Tuanze Paris, mwaka 1729. Mkemia Claude Joseph Geoffroy alitaka kulinganisha siki mbalimbali, kwani ulimi ni shahidi asiyeaminika. Alipima uzito wa siki, kisha akaitia unga wa kabonati ya potasiamu kidogo kidogo hadi viputo vikakoma. Siki iliyomaliza unga mwingi ndiyo aliyoihesabu kuwa kali zaidi. Hakuwa na bureti wala kiashiria, lakini wazo lenyewe lilikuwa limekamilika: pima kitu usichokijua kwa kiasi cha kitu unachokijua.

Baada ya hapo waliolihitaji wazo hilo zaidi ni watu wa nguo. Kitani kilisafishwa kwa majivu yenye alikali, ambayo ni ndugu wa magadi tunayoyajua sisi, na majivu hafifu yalimtia mnunuzi hasara. Huko Uskoti, mwaka 1756, daktari Francis Home aliyapima majivu kwa asidi nitriki iliyotiwa maji, akihesabu vijiko vya chai hadi povu likatulia. Mwaka 1767, William Lewis wa Uingereza alichunguza potashi iliyoletwa kutoka makoloni ya Marekani. Aliona kwamba kungoja viputo viishe ni kukisia, akatumia litimasi, ambayo rangi yake hubadilika waziwazi. Hapo kiashiria kikaingia kazini.

Vyombo vilifuata. Descroizilles, mfamasia wa Rouen, mji wa viwanda vya nguo, alitengeneza katika miaka ya 1790 mrija wenye alama za kupimia dawa ya kung’arisha vitambaa, na mwaka 1806 akatoa chombo cha kupimia alikali. Mwaka 1824 Gay-Lussac aliyatumia majina bureti na pipeti. Mwaka 1855 Mjerumani Karl Friedrich Mohr alichapisha kitabu kikubwa cha mbinu hizi, na bureti yake yenye kibanio ilimwezesha mpimaji kudhibiti kila tone. Katika miaka ya 1870 ikaongezeka fenolfthaleini, ile rangi ya waridi tunayoisubiri leo.

Hata hivyo, vyombo bora havikuondoa tatizo moja. Chukua asidi hidrokloriki na asidi ya siki, zenye ujazo sawa na ukolezi sawa. Zote mbili zitahitaji kiasi kilekile cha alikali, ingawa ya kwanza ni hatari na ya pili tunaila na kachumbari. Bureti inahesabu asidi yote iliyomo. Haisemi ni kwa urahisi gani asidi hiyo inaachia haidrojeni yake. Jibu lilianza kupatikana Uswidi, Svante Arrhenius alipoeleza mwaka 1884 kwamba vitu hivi hutengana kuwa ioni majini, vingine sana na vingine kidogo. Mwaka 1909 Sørensen, akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, maabara iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha bia, alituletea kipimo cha pH.

Sasa turudi kwenye chupa isiyo na jina. Tuseme gramu 0.15 za asidi zimehitaji sentimita za ujazo 25 za haidroksidi ya sodiamu yenye moli 0.1 kwa lita. Hizo ni moli 0.0025 za alikali. Ikiwa kila molekuli inatoa ioni moja ya haidrojeni, moli moja ya asidi ina uzito wa gramu 60; ikiwa inatoa mbili, ni gramu 120. Hesabu peke yake haiamui. Lakini tukisoma pH katika nusu ya safari, kwenye sentimita 12.5, tunapata karibu kabisa thamani ya pKa, inayoeleza nguvu ya asidi yenyewe. Ikiwa ni karibu 4.76, na mchoro wa pH una mruko mmoja tu, ushahidi unaelekea kwenye asidi asetiki: siki ileile ya Geoffroy.

Kwa kumalizia, lugha yetu inatudai uangalifu. Tunasema siki ni kali tukimaanisha haijazimuliwa kwa maji, na tunasema asidi ni kali tukimaanisha inatengana kabisa. La kwanza ni ukolezi, la pili ni nguvu. Wafanyabiashara wa karne ya 18 walihitaji la kwanza tu, na walilipata kwa vijiko vya chai. Mwanafunzi anayeandika namba ya bureti na kufunga daftari amefika walikofika wao. Safari iliyobaki imo katika nusu ya njia, pale ambapo rangi bado haijabadilika.