Pikipiki ya zamani inatetemeka: tafuta chanzo kabla ya kufungua injini

Kwa anayebeba abiria au mizigo kwa pikipiki ya zamani kati ya Gasorwe, mji wa Muyinga na Gitega, mtetemo wa injini si wa kupuuzwa. Lakini usikimbilie kufungua injini. Hiyo ni kazi ya gharama kubwa, na kosa linaweza kuwa kwenye bolti moja au plagi.

Boxer, TVS za kazi na Yamaha AG100 zina silinda moja. Uzito uliowekwa kwenye krenki hupunguza sehemu tu ya mtikisiko wa pistoni, kwa hiyo kutetemeka kidogo ni kawaida. Unaotafutwa hapa ni mtetemo mpya, au ule unaozidi wiki hadi wiki mpaka viganja vinakufa ganzi.

Kwanza tenganisha injini na magurudumu. Pikipiki ikiwa imesimama, gia ikiwa huru, injini ikishapata moto, ongeza mafuta polepole. Ikitetemeka vilevile, kosa liko kwenye injini au mahali iliposhikiliwa. Ikitulia, ijaribu kwenye barabara tambarare isiyo na magari. Ukifika mwendo unaoleta mtetemo, kamata klachi na uachie mafuta. Ukiendelea, kagua rimu, spoku, tairi na beringi za magurudumu. Ukikoma, kagua cheni, kisha injini.

Bolti zinazoshika injini kwenye fremu zipewe muda zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu barabara ya mashimo huzilegeza. Futa oili na vumbi. Unga wa rangi ya kutu kuzunguka kichwa cha bolti unaonyesha kuwa vyuma vimekuwa vikisuguana. Usikaze moja tu: ingiza zote kwa mkono, ndipo uzikaze. Tundu likiwa limepanuka, kipande cha bati hakitadumu. Lichomelewe na kutobolewa upya. Osha pia matope kwenye shingo ya usukani na kwenye maungio ya fremu, utafute nyufa. Ukiona ufa, usipandishe abiria hata kwa safari fupi. Fremu ikikatika mteremkoni, usukani hauna kazi tena.

Bolti zikiwa sawa, fungua plagi (wengi kambini huiita buji). Nyeusi na yenye masizi ina maana mafuta ni mengi mno au hewa ni kidogo, kwa hiyo safisha chujio la hewa. Nafasi ya plagi katika pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kwa kuwa petroli imekuwa haba Burundi, watu hununua ya chupa, na hiyo huweza kuwa na maji. Injini ikiwa imepoa, mbali na moto na sigara, legeza skrubu iliyo chini ya kabureta na ukinge petroli kwenye chupa angavu. Maji yatakaa chini.

Kikibaki kishindo kizito kinachopanda na kasi ya injini, mwambie fundi afungue kifuniko cha magneto, ashike gurudumu lake na kulisukuma juu na chini. Likicheza, beringi za krenki zimekwisha, na hapo injini ifunguliwe kweli. Mwombe akuonyeshe beringi za zamani kabla hujalipia mpya.