Ubaguzi Machoni pa Mtoto: Meru na Riwaya za Afrika Mashariki

Kuhamishwa kwa watu wa Ngare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, kulianza tarehe 17 Novemba 1951. Watu wapatao 3,000 waliondolewa katika ardhi yao kwa amri ya serikali ya Waingereza, ili mashamba yale wapewe walowezi wachache wa Kizungu wafugie ng'ombe. Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton walilifikisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na mwaka 1967 wakatoa kitabu juu yake. Lakini shauri la ardhi ni maneno ya watu wazima: mipaka, hati, fidia. Mtoto aliyetolewa nyumbani kwao siku zile yumo katika hesabu tu. Yeye haulizi mpaka umepita wapi. Auliza kwa nini baba amenyamaza. Swali la namna hiyo halina mahali katika barazani pa hukumu, nalo limekuwa kazi ya watunzi wa hadithi. Ismael Mbise alilirudia tukio la Meru kwa riwaya ya Kiingereza, Blood on Our Land, mwaka 1974.

Ubaguzi humfikia mtoto kwa njia gani? Zipo sheria, na zilikuwapo shule: Shule ya Arusha ilifunguliwa mwaka 1934 kwa watoto wa Kizungu, na elimu ya Tanganyika nzima iligawanywa kwa rangi mpaka mwanzo wa mwaka 1962. Hata hivyo, kabla ya kufika mlangoni pa shule mtoto amekwisha kusikia jinsi watu wanavyoitana. Kwa Wameru, kama kwa Waarusha, umri na rika ndivyo vilivyompa mtu heshima yake. Mtoto wa kibarua wa shamba la kahawa alimsikia babaye, mtu mwenye mvi, akiitwa "boi". Neno hilo moja lilipindua mpango wote wa adabu aliofunzwa nyumbani. Mtoto wa mlowezi naye alijifunza Kisetla, yaani Kiswahili cha kuamrisha, kisicho na shikamoo wala tafadhali, akajua angali mdogo kwamba aweza kumtuma mzee. (Yafaa kusema kwamba wengi wa watoto hao walilelewa na yaya, wakampenda, lakini mapenzi hayo hayakumwondolea yaya ule msamiati wa kutumwa.)

Anayetaka kumwona mtoto wa hali hiyo akichorwa kwa ukamilifu hana budi kuvuka mpaka wa Kenya. Katika Weep Not, Child ya Ngugi wa Thiong'o (1964), Ngotho analima katika ardhi ya mababu zake ambayo sasa ni mali ya Howlands. Njoroge, mwanawe, amwonapo mwana wa Howlands akimjia, hukimbia. Miaka mingi baadaye wanakutana shuleni, ndipo inapodhihirika kwamba yule mwingine alitamani kuzungumza. Hapo mtunzi hahubiri; kila mmoja aliogopa kile alichofundishwa kukiogopa.

Abdulrazak Gurnah, katika Paradise (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, amekwenda mbali zaidi, kwa kuwa hakumwachia msomaji nafasi ya kumlaumu mgeni kutoka Ulaya peke yake. Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anatolewa na babaye kuwa rehani ya deni kwa tajiri wa biashara. Amezoea kumwita tajiri yule kwa jina la udugu. Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla yake, anamkataza: huyu si ndugu yako, mwite Seyyid. Kwa kusahihishwa neno moja tu mtoto anatambua kwamba ameuzwa. Hakuna mahali katika riwaya hizi ambapo tabaka limeonyeshwa wazi kuliko hapo.

Arusha ya leo haina shule ya rangi, ila zipo shule za ada kubwa, na zipo za serikali ambazo watoto wenyewe huziita "Kayumba". Neno hilo halikutungwa na wizara. Mtoto aliyevaa sare yenye nembo hulitamka ndani ya basi la shule, na mtoto apitaye kwa miguu kando ya barabara hulisikia.