Taarifa ya utekelezaji ya mwaka (afya, Tanzania)

Taarifa ya utekelezaji ya mwaka ni maelezo ambayo taasisi inayoendeshwa kwa fedha za umma hutoa kuhusu kazi ilizofanya, fedha ilizotumia na malengo iliyoyafikia au kuyakosa. Nchini Tanzania mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuishia 30 Juni.

Katika sekta ya afya, takwimu za huduma zinazoingia kwenye taarifa hiyo huanzia kwenye vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), ambamo zahanati na vituo vya afya huandika idadi ya wagonjwa, chanjo na akina mama waliojifungua. Takwimu hizo hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Tangu mwaka 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hivyo kila kituo hutoa hesabu zake. Halmashauri nayo hulinganisha matokeo ya vituo vyake na mpango wake wa afya wa mwaka, uitwao Mpango Kabambe wa Afya.

Hesabu za halmashauri hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambaye huwasilisha ripoti kwa Rais kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba. Kisha ripoti hupelekwa bungeni. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) huwahoji wakurugenzi wa halmashauri kuhusu hoja za ukaguzi.

Udhaifu mkubwa wa taarifa hizi ni kwamba idadi ya waliohudumiwa haionyeshi ubora wa huduma waliyoipata.