Milima ya Mau Kabla ya Majani ya Chai

Kuna kauli iliyorudiwa mara nyingi katika hotuba za sherehe na katika vijitabu wanavyogawiwa wageni wanaokuja kutazama mashamba ya Kericho, nayo ni kwamba nchi hii ilikuwa msitu mtupu usio na mwenyewe wala manufaa, hata walipowasili Waingereza na mche wa chai mkononi, ndipo uchumi ulipozaliwa. Kauli hiyo imestarehe kwa karibu karne nzima, si kwa kuwa ina dalili za kutosha, bali kwa kuwa dalili za kuikanusha zimelala katika majuzuu matatu mazito ambayo ni nadra mtu kuyafungua: maelezo na hati zilizowasilishwa mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya uenyekiti wa Sir Morris Carter, zikapigwa chapa na Serikali ya koloni mwaka 1934.

Jiografia ya Mau yajulikana, nami sitaikalia. Safu hii ni ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Vilele vyake vyakaribia mita 3,000, na mgongo wake wa magharibi washuka taratibu hata Kericho na Bomet, kwenye mita 2,000 hivi, juu ya udongo mwekundu wa asili ya volkano. Upepo wa Ziwa Viktoria hupanda mchana ukakutana na upepo utokao mashariki, na matokeo yake ni mvua ya alasiri karibu mwaka mzima, pamoja na mvua ya mawe ambayo katika milima ya Kericho na Nandi huhesabiwa zaidi ya siku 100 kwa mwaka. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba waliipiga vita kwa roketi na kwa ndege. Mito ya Itare, Kiptiget na Kipsonoi huingia Sondu na kwenda ziwani. Nyangores, upitao Bomet, hukutana na Amala ukawa Mara. Yatosha.

Lililo muhimu kwa hoja yetu ni namna watu walivyoutumia mwinuko huo. Waogiek, ambao maofisa waliwaita Dorobo, waligawanya msitu kwa koo, na kila ukoo ulikuwa na milki yake, iliyoitwa konoito, yenye umbo la ukanda mrefu uliopanda kutoka misitu ya chini hata kwenye mianzi na baridi ya juu. Umbo hilo halikuwa la bahati nasibu: miti haichanui maua kwa wakati mmoja katika kila kimo, na mwenye ukanda wa kupanda na kushuka aweza kuifuata asali mwaka mzima bila kuvuka mpaka wa jirani. Mizinga ilichongwa kwa mti wa mwangati, ikapandishwa juu ya miti mirefu. Asali ikaliwa, ikanywewa, ikatolewa mahari, na sehemu yake ikashuka kwa Wamaasai na Wakipsigis kubadilishwa na mifugo. Huo ni uchumi wenye mipaka, urithi na soko. Lau ungaliandikwa kwenye daftari lenye jalada la ngozi, asilani usingaliitwa utupu.

Wakipsigis nao, walioshika miteremko ya chini, walilima wimbi, na ng'ombe wao wengi hawakukaa mabomani, bali walipelekwa mbali katika kambi za malisho zilizoitwa kaptich, wakichungwa na vijana, na kuhamishwa kadiri nyasi zilivyoisha na kuota tena. Hapa ndipo yamkini kosa la maofisa lilipozaliwa. Ofisa alitafuta nyumba na mashamba ili akiri kwamba nchi ina wenyewe. Alipokuta nyasi ndefu na jivu la kambi ya mwaka uliopita, aliandika kuwa hapana mtu. Malisho yaliyopumzishwa makusudi aliyaona kuwa ni malisho yaliyoachwa. Wako waandishi hadi leo wanaoitetea hukumu hiyo kwa kusema kwamba sheria ya zama zile haikujua milki ya namna nyingine, hoja ambayo haistahili wino mwingi, maana Mwingereza huyo huyo kwao alikuwa na malisho ya pamoja na haki za msituni zilizolindwa na mahakama kwa karne kadhaa.

Tuje kwenye miaka ambayo aghalabu husimuliwa kwa sentensi moja. Baada ya hujuma ya kijeshi ya Sotik mwaka 1905, ardhi kati ya Wakipsigis na Wagusii iligawiwa walowezi kwa kisingizio cha kutenga mahasimu. Kisha, vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, zilitengwa ekari 25,000 za Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani, wapate kulima kitani kwa ushirika. Msomaji azingatie kwamba kusudio halikuwa chai. Bei ya kitani ilianguka mara baada ya mwaka 1920, mradi ukafilisika, na maofisa wale, ambao kwa hakika walikuwa watu wa kuhurumiwa, wakatawanyika. Akili ya kawaida ingesema kwamba ardhi iliyotwaliwa kwa shughuli fulani, shughuli hiyo ikifa, hurejea kwa mwenyewe. Haikurejea. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya chai ya Brooke Bond walikuwa wamejipatia ardhi Kericho, na wenzao wa James Finlay, kupitia kampuni yao ya African Highlands, wakawa wamenunua sehemu kubwa ya shamba lile la kitani. Kwa hiyo anayesema kampuni zilinunua kwa halali na ajibu swali hili dogo: muuzaji aliipata kwa nani?

Kuna jambo lingine la miaka hiyo ambalo wasifuji wa chai hulipita wima. Mashamba yalipojaa vibarua, Waluo, Wagusii na Waluhya pamoja na Wakipsigis wenyewe, wote walihitaji unga, na waliouleta ni wakulima wa Kipsigis waliokwisha kugeukia mahindi, wakajenga vinu vya maji kwenye vijito vya nchi ya Buret na Bomet, wakasaga na kuuza. Baadaye wakaanza kuzungusha uzio kwenye mashamba yao kwa hiari zao, kabla Serikali haijawaamuru. Basi shamba la chai halikuwalisha Wakipsigis; Wakipsigis ndio waliolilisha shamba la chai, wakiwa wamekatazwa wenyewe kulipanda zao lile.

Mbele ya Tume ya Carter walisimama Wakipsigis wakidai ardhi yao, na Waogiek wakidai msitu. Wajumbe walikuwa watatu, wote Wazungu, na mmoja wao mlowezi mwenye shamba. Walisikiliza, hilo nawapa, kwani bila uvumilivu wao wa kuandika kila neno tusingekuwa na majuzuu hayo. Lakini kuhusu Waogiek walipendekeza kwamba wachanganywe na makabila jirani, wasiwe na ardhi yao mbali, na pendekezo hilo moja limezaa hamishahamisha zote zilizofuata. Mwaka huo huo wa 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini wa Kipsigis, wakapelekwa Gwassi, nchi ya joto na mbung'o, wasirudi ila uhuru ulipokaribia.

Ya baadaye ni mepesi kukumbuka. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ulimfungulia Mwafrika mlango wa chai. Mamlaka ya kuendeleza chai, KTDA, ikaundwa 1964, na viwanda vya Litein, Kapkatet na Mogogosiek vikapokea majani ya wakulima wadogo. Mwaka 1986 ukaanzishwa ukanda wa chai ya Nyayo kuuzunguka msitu kama ua, ua ambao haukuzuia kitu mwaka 2001 Serikali yenyewe ilipotoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau. Mashamba ya kampuni yamebadilisha wenyewe zaidi ya mara moja, na sasa yako mikononi mwa Browns wa Sri Lanka. Tume ya Taifa ya Ardhi iliafiki malalamiko ya Wakipsigis na Watalai mwaka 2019. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliwapa Waogiek ushindi mwaka 2017 na kuamuru fidia mwaka 2022.

Mahakama hiyo ilikataa hoja kwamba Waogiek ndio waharibifu wa msitu. Ajabu ni kwamba, kwa mtu aliyesoma ushahidi wa zama za Carter, jambo hilo halikuhitaji kungoja miaka zaidi ya 80. Naziomba basi serikali za kaunti za Kericho na Bomet ziyaweke majuzuu hayo matatu katika maktaba zao, na maneno ya wazee wetu yaliyomo, ambayo yamehifadhiwa kwa Kiingereza tu, yafasiriwe kwa Kiswahili, Kikipsigis na Kiogiek, ili wajukuu wa waliosimama mbele ya Tume wayasome kabla ya kufundishwa kwamba babu zao hawakuwako.